Mgoni Wangu Alikuwa Maktaba

Hapa Bariadi kuna wanaume walionyang'anywa wake na madereva wa malori ya pamba, wengine na wachuuzi wa samaki wa Lamadi, na mmoja ninayemfahamu vizuri alinyang'anywa na mtu aliyekuja kumtibia ng'ombe. Hao wote walikuwa na mtu wa kumchukia. Mpinzani wangu mimi alikuwa na ghorofa nne, amesimama kwenye mteremko huko Dar es Salaam, hanywi, havuti, hajawahi kumkonyeza mwanamke hata mara moja, na bado mke wangu alipomtaja sauti yake ilishuka kama ya mtu anayemsifia mtoto aliyelala.

Ilikuwa ile miaka ya ruksa, kila kitu kilipoanza kuuzwa na kila mtu. Kabla ya hapo pamba yetu ilikuwa na mnunuzi mmoja tu, ushirika, nami nilikuwa karani wa mizani katika chama cha msingi: kijana wa kidato cha nne, kalamu mbili mfukoni, na msimu wa pamba hakuna mkulima aliyethubutu kunitania hadharani. Kisha wakaja wanunuzi binafsi na mizani yao na malori yao na kofia zao. Mizani yangu ikaota kutu, nami nikarudi nyumbani. Watu walinipa pole. Sikuwaambia kwamba tangu nizaliwe nilikuwa natafuta sababu ya heshima ya kukaa nyumbani, na sasa serikali imenipa.

Mimi ni mtu wa kwangu. Maswa nimekwenda nikilazimika. Lamadi nimekwenda kwa ajili ya sato. Shinyanga nilikwenda kwa sababu wakati ule ndiko mkoa wetu ulikokaa, na kuna mambo hayakuisha bila mhuri wa mkoa. Siku hizi mkoa wenyewe umenifuata hadi hapa, na ofisi zake zote, jambo ambalo nalichukulia kama heshima yangu binafsi. Nikilala nje ya nyumba yangu, hata godoro liwe zuri namna gani, naamka shingo imekwenda upande.

Mke wangu alikuwa kinyume changu. Alikuwa mwalimu wa sekondari mwenye diploma, mtu asiyeweza kuona njia bila kuuliza inatokea wapi. Akapata nafasi ya kusoma digrii chuo kikuu. Tulikuwa na watoto wawili, na bibi yake mzaa mama alikuwa anaishi nasi. Nilisema aende. Nilisema kwa sauti kubwa, mbele ya majirani, maana mwanaume wa kidato cha nne akitaka kuwa na mke wa digrii ni lazima angalau aonekane ndiye aliyetoa ruhusa.

Likizo ya kwanza nilimpokea stendi. Nilitegemea atanisimulia joto la Dar, maharage yenye wadudu, mabinti wanaocheka lafudhi yake ya Kisukuma. Nilikuwa nimejiandaa kumpa pole. Yeye, hata begi hajalitua, akaanza na maktaba.

Jioni ile alichota majivu jikoni kwa kata akachora uani. Alichora kwa kumwaga kidogo kidogo, akitembea kinyumenyume, na watoto wakafukuzwa wasikanyage. Mimi nilikuwa kwenye kigoda changu, bibi yuko kwenye mkeka anachambua mtama. Lazima niseme kuhusu bibi huyu. Kwa mila yetu bibi wa mke ni mtani wako. Yeye aliniita mume wangu, mimi nilimwita mke mkubwa, na hakuna neno ambalo mmoja wetu angelisema likaleta kesi. Mama mkwe ndiye niliyemkimbia njiani kwa heshima. Bibi sikuwa na pa kumkimbilia.

"Hapa ndipo unapoingilia," mke wangu alisema. "Jengo limekaa kwenye mteremko, kwa hiyo mlango mkubwa hauko chini. Unavuka daraja fupi, unaingia moja kwa moja ghorofa ya pili. Juu yako kuna mbili, chini yako kuna moja."

"Yaani mnaliingilia tumboni," bibi akasema.

"Tumboni kabisa, bibi."

"Na watu wa huko chini wanatokea wapi?"

"Huko chini hakuna watu. Kuna magazeti ya zamani, na vitabu ambavyo haviruhusiwi kutoka."

"Vimekosa nini?"

Mke wangu alicheka hadi majivu yakamwagika nje ya mstari. Halafu akaendelea. Upande mrefu wa jengo unatazama kaskazini, mwingine kusini. Pande mbili fupi, ule wa jua linakochomoza na ule linakozama, ni ukuta mtupu, hazina dirisha hata moja, makusudi. Kwenye pande ndefu kuna vibao vya zege vimesimama wima kuanzia chini hadi juu, vimekatwa kwa mshazari, ili mwanga uingie lakini jua libaki nje. Na juu kuna mapaa mawili, moja limeinuliwa juu ya lingine, kama mtu aliyevaa kofia juu ya kofia, na kati yake upepo unapita.

"Saa nane mchana, Dar nzima inachemka," alisema, "wewe uko ghorofa ya juu umevaa sweta."

"Sweta!" nikasema.

"Siyo kama humu kwetu." Akaonyesha dirisha la chumba chetu kwa kile kikata. "Dirisha linatazama magharibi. Saa kumi chumba kinakuwa tanuri. Fundi aliyejenga nyumba hii hakufikiri kabisa."

Bibi akanitazama, mkono umesimama juu ya mtama. "Fundi si huyu hapa?"

"Najua," mke wangu akasema.

Tofali za nyumba ile nilizifyatua mwenyewe, nikazichoma mwenyewe, na dirisha lile niliweka magharibi ili nikiwa nimejilaza niwaone ng'ombe wakirudi. Ningeweza kulieleza hilo. Lakini ukishaanza kujitetea mbele ya maktaba, kesi umeshashindwa. Kesho yake asubuhi nikafagia uani mapema kuliko kawaida yangu, nikalifagia jengo lote, daraja na mapaa yake mawili, nikalitupa jaani. Likizo nzima aliyobaki nayo alinichorea lingine kila alipopata nafasi.

Likizo zilizofuata alikuja na historia. Kumbe jengo lile lilikuwa na ukoo na safari kama mtu. Pale ukumbini, alisema, kuna picha zimetundikwa. Ya kwanza ni pori na mikorosho, hakuna kitu kingine. Ya pili ni wanaume wamejipanga kwenye ngazi za miti, karai la zege linapanda kutoka mkono hadi mkono, miaka michache tu baada ya uhuru, nchi ikiwa na haraka ya kuwa na chuo chake. Ukuta hawakuupiga plasta wala rangi. Walipobandua mbao, zege lilibaki na alama za mbao zilezile, mistari na mafundo, mpaka leo unaona mbao zilizokwisha kuchomwa kuni zamani. Vitabu vililetwa na nchi marafiki, na nchi zenyewe hazikuwa zinasalimiana, lakini vitabu vyao vikakaa rafu moja bila kugombana.

"Halafu hela zikaisha," alisema. "Walitaka kuongeza upande wa mashariki. Wakamwaga msingi, wakasimamisha nguzo, basi. Nondo ziko nje mpaka leo. Vitabu vipya haviji tena. Kuna wanafunzi wanakata kurasa kwa wembe. Lifti ilisimama kabla sijafika."

Nilifurahi mno. Mtu mwenye mpinzani huwa anaokota kasoro zake kama anavyookota pamba iliyodondoka barabarani, kidogo kidogo, akitumaini zitafika gunia. "Kwa hiyo imechakaa," nilisema, nikijitahidi kuonekana mwenye huruma.

"Imechakaa," alikubali. Akafikiri kidogo. "Lakini imechakaa vizuri."

Nilikwenda kujitazama kwenye kioo cha sandukuni. Mimi pia nilikuwa nimeanza kuchakaa, kipara kilikuwa kimeshafika nusu ya safari, na sijawahi kusikia mtu akisema nimechakaa vizuri.

Likizo ya mwisho ndiyo iliyonifikisha pabaya. Tulikuwa tunakula, ugali na mlenda na dagaa, watoto wameshamaliza wametoka. Mke wangu alifinyanga tonge akalishikilia mkononi muda mrefu kuliko linavyohitaji.

"Mkuu wa maktaba ameniita," alisema. "Anasema nikimaliza kuna nafasi. Nianze kama msaidizi, baadaye wanipeleke kusomea kazi yenyewe."

"Kazi gani?"

"Ya maktaba. Nibaki palepale."

"Na wewe ukasemaje?"

"Nimesema nitafikiri."

Akala lile tonge. "Na watoto?" nikauliza.

"Dar kuna shule."

"Na mimi?"

"Wewe ungekuja pia."

Yeye na bibi wakatazamana. Nadhani wote wawili waliniona kwa wakati mmoja, nimesimama katikati ya Dar es Salaam na shingo imekwenda upande, kwa sababu walianza kucheka pamoja, wakacheka mpaka bibi akaweka bakuli chini. Nami nikacheka. Ningefanya nini? Lakini moyoni nilijua kwamba hapa hakuna mzaha tena. Nisingeweza kuishi huko, wala nisingeweza kumkataza, maana ruhusa yangu niliitoa mbele ya majirani na haikuwa na mwisho. Akisema ndiyo kwa lile jengo, nimebaki na nyumba ya madirisha ya magharibi na bibi.

Aliporudi chuoni kumalizia muhula wa mwisho, bibi hakunipa nafasi ya kupumua.

"Mume wangu, wewe ng'ombe ulitoa au hukutoa?"

"Nilitoa, mke mkubwa. Wewe mwenyewe uliwakagua, ukamkataa yule mwenye pembe iliyovunjika."

"Sasa mtu akikuchukulia mke uliyemtolea ng'ombe, wazee wanakaa, yule mgoni anatozwa ng'ombe wa ugoni. Si ndivyo?"

"Ndivyo."

"Mbona umekaa?"

"Bibi, ile ni nyumba."

"Nyumba haina mlango? Kapige hodi, udai ugoni wako. Ikikosa ng'ombe ikupe vitabu, tutafungia vitumbua."

Mama mkwe, ambaye kwa adabu hazungumzi nami uso kwa uso, alimtuma mwanangu mkubwa aje aniambie kwamba barabara ya Shinyanga, kwa anavyojua yeye, haijafungwa. Wakati mama mkwe anakutania kwa kupitia mtoto, jua umekwisha. Nikatangaza nakwenda Dar kumsaidia mke wangu kubeba mizigo. Kila mtu alikubali kwa haraka kwamba mizigo ya wanafunzi ni mizito sana.

Basi hadi Shinyanga, kisha treni. Nilibeba chupa ya samli na mfuko wa michembe, vile vipande vikavu vya viazi vitamu anavyovipenda. Safari nzima nilitunga hotuba. Ilianza kwa upole, katikati ikagusia watoto, na mwishoni nilimwuliza swali kali kuhusu thamani ya mapaa mawili kwa mtu ambaye mumewe yuko chini ya paa moja. Tulipofika Morogoro ilikuwa hotuba nzuri hata mimi mwenyewe ilinitoa machozi, na jirani yangu behewani akaniuliza kama kuna msiba.

Nililiona jengo mchana, jua likiwa kali. Nilikuwa nimejiapiza kwamba halitanishangaza. Lakini kwanza nililitambua, na hilo ndilo lililoniumiza. Nimelifagia mara ngapi! Daraja lilikuwa pale alipolimwaga. Vibao vya zege vilisimama kama alivyovisimamisha kwa majivu. Ule ukuta wa magharibi haukuwa na tundu hata la panya. Kitu ambacho majivu hayakunieleza ni ukubwa. Nguzo moja tu ilikuwa nene kuliko mbuyu... hapana, nisizidishe chumvi, ilikuwa nene kuliko mimi na mlinzi tukikumbatiana, na hatukuwa na nia hiyo.

Mlinzi alikuwa mlangoni, mwisho wa daraja. "Kadi," akasema.

"Nimemfuata mke wangu."

"Mkeo ni mfanyakazi hapa?"

"Bado," nikasema.

Mdomo wangu mwenyewe! Nilisimama pale nikiwa nimeshalikabidhi jengo kile nilichokuja kulinyima. Mlinzi aliona labda namna uso wangu ulivyobadilika, akanihurumia, akasema ingia ukamwite lakini mzigo unabaki. Samli na michembe vikawekwa kwenye visanduku vya ukutani pamoja na mabegi ya wasomi.

Ndani kulikuwa na ubaridi. Siyo ubaridi wa kivuli cha mti, ambao unakuja na kwenda. Ulikuwa umetulia, kama maji ya mtungi. Mwanga uliingia umeshachujwa, hauna jua ndani yake. Kabati za katalogi zenye visaraka vidogo vidogo zilikuwa zimejipanga mpaka mwisho wa macho. Nilitafuta uchakavu, nikauona: rafu zenye mapengo, lifti iliyofungwa kwa ubao, dari yenye doa la mvua. Nilijaribu kufurahi. Haikuja. Nikapanda ngazi hadi ghorofa ya juu, kwenye ukumbi wa kusomea, na huko ndiko nilikojiharibia.

Kwetu ukikuta watu wamekaa, hupiti tu kama mbwa anayekwenda zake. Unasalimia. Na ukiwa mgeni unasalimia mmoja mmoja, kwa mkono, kuanzia aliye karibu. Sasa mle ndani kulikuwa na watu wengi mno wamekaa, kwenye meza ndefu, wote kimya wameinamisha vichwa, na nilichoelewa mimi ni kwamba wana huzuni au wamegombana. Nikaanza na meza ya kwanza.

"Mwadila, jamani," nikasema, nikatoa mkono.

Kijana wa kwanza aliupokea kwa woga. Wa pili aliupokea kwa sababu wa kwanza ameupokea. Nikamaliza upande ule, nikazunguka. Binti mmoja aliuacha mkono wangu ukining'inia, akanyooshea kidole bango ukutani. Nililisoma. Lilisema kimya. Lakini nilikuwa nimeshaanza meza ya pili, na huwezi kusalimia nusu ya watu ukawaruka wengine, wataanza kujiuliza wamekukosea nini. Nikaendelea, safari hii kwa kunong'ona.

Ndipo sauti ya mwanaume, nene, ikatokea pembe ya mbali nyuma ya rafu: "Mwadila, baba! Ng'ombe hawajambo?"

Msukuma mwenzangu. Hapo ukumbi wote ukainua vichwa. Na mimi, ambaye nimelelewa kwamba mtu akikuulizia ng'ombe unamjibu, nikajibu kwa sauti inayotosha kufika kule alikokaa: "Hawajambo, mvua tu ndiyo haijatulia!"

Kicheko kilichopasuka pale, sijui mapaa yale mawili yaliwahi kukisikia tena. Mhudumu alikuja mbio kwa ncha za vidole, akipuliza midomo kama anayefukuza kuku. Na wakati ule ule, kati ya vichwa vyote vilivyoinuka, nikaona kimoja hakijainuka. Kilikuwa meza ya mwisho, karibu na dirisha, kimefungwa kitambaa cha maua ninachokijua kwa sababu nilikinunua mimi mnadani. Mke wangu alikuwa ameinama kwenye kitabu. Kidole chake kilitembea chini ya mstari, kikafika mwisho, kikarudi, kikaanza mstari mwingine.

Nilisimama pale. Hotuba yote ya kutoka Shinyanga hadi Morogoro ikanitoka, kichwa kikabaki kitupu kama zile rafu. Nikajiambia: ameshajibu. Hakuna haja ya kumwuliza.

Kidole kikafika chini ya ukurasa. Akaweka kipande cha karatasi, akafunga kitabu, akainuka, akaja. Akanishika mkono wa shati, tukashuka, na mlangoni nikachukua mzigo wangu.

Tulikaa kwenye ule msingi wa upande wa mashariki ambao haukuisha. Nondo zilizoota kutu zilisimama kutuzunguka kama mabua ya mtama baada ya mavuno. Chini ya nguzo mbili mtu alikuwa ameweka mashine yake ya fotokopi, biashara yake binafsi, na wanafunzi wamepanga foleni. Nilitoa michembe. Alichukua kipande akaanza kutafuna.

"Hukuniona?" nikauliza.

"Nilikuona. Nilikusikia tangu meza ya kwanza."

"Sasa?"

"Nilikuwa namalizia ukurasa."

"Ukurasa."

"Ulikuwa na meza nyingi mbele yako. Nikajua nitamaliza kabla hujanifikia."

"Uliniona aibu?"

Angeweza kusema hapana. "Kidogo," alisema. "Lakini uliposema mvua haijatulia nilitaka kucheka nikafa. Ndiyo maana sikuinua kichwa. Ningecheka, wangenifukuza, na nilikuwa nimebakiza mistari michache."

Nilitafuna. Sikujua kama nimefurahi au nimetukanwa. Mwishowe nikasema, bila mwanzo wa upole wala watoto katikati, "Ile kazi."

"Nimeshawajibu."

"Lini?"

"Mwezi uliopita."

"Ukawaambia nini?"

"Hapana."

Nikamtazama. Aliendelea kutafuna, anaangalia foleni ya fotokopi.

"Kwa ajili yangu?" nikauliza.

"Usijipe ukubwa, baba watoto." Akapangusa unga wa michembe kidoleni. "Walinikalisha kaunta siku moja nijaribu. Unajua kazi ile ni nini? Ni kusimama unatazama watu wengine wanasoma. Unampa mtu kitabu, anakwenda nacho dirishani, anakaa pale pangu, na wewe unabaki na kadi yake. Kufika jioni nilikuwa nawachukia wote. Ule wivu ungeniua."

Niliposikia hilo neno kinywani mwake nilikaribia kumkumbatia mbele ya watu wa fotokopi. Nikajizuia. "Kwa hiyo unarudi kwa sababu ya wivu," nikasema.

"Kwa sababu ya wivu, na kwa sababu ya watoto, na pale sekondari wananihitaji kidato cha tatu. Bibi naye kazeeka."

"Na mimi?"

"Na wewe upo. Sijakutoa."

"Niko wa ngapi?"

"Kula michembe."

Basi nilishinda. Nataka lieleweke hivyo, kwamba nilisafiri hadi Dar kupambana na jengo la ghorofa nne na nikarudi na mke wangu, hata kama lenyewe halikujua tunapambana na yeye alishaamua kabla sijakata tiketi. Siku chache nilizokaa nikisubiri amalize mitihani, nililala kwa mpwa wangu, shingo ikaenda upande kama kawaida, na kila nilipolipita jengo nilitembea kifua mbele. Nilifika hatua ya kulihurumia. Nililiambia kimoyomoyo, pole, ndivyo mambo yalivyo.

Siku ya kuondoka alisema anakwenda kurudisha kitabu cha mwisho, nimsubiri pale darajani na masanduku. Ni dakika moja, alisema.

Nilisubiri. Mlinzi, ambaye sasa tulikuwa marafiki, alinipa kiti chake. Watu waliingia, watu wakatoka. Nikainua macho kutazama jengo, kwa kukosa la kufanya, na kati ya vile vibao vya zege vya ghorofa ya juu kabisa nikaona kitu cha maua kinapita. Kikafichwa na kibao, kikatokea upande wa pili, kikafichwa tena. Kilikuwa kile kitambaa chake. Alitembea polepole, kutoka mwisho mmoja wa jengo hadi mwingine. Halafu akapotea. Baada ya muda kitambaa kikaonekana ghorofa ya chini yake, kinarudi upande aliotoka, kwa mwendo uleule. Alisimama mahali. Akaenda. Akasimama tena. Kisha nikamwona mlangoni, kwenye ghorofa yetu, nikainuka nikashika masanduku, lakini alitupita akateremka ngazi za chini, kule kwenye magazeti ya zamani na vile vitabu vilivyofungwa.

"Mkeo bado hajamaliza?" mlinzi akauliza.

Niliijua ile tembea. Ndivyo mtu anavyofanya kwetu akiwa anahama: anapita mji kwa mji, kwa shangazi, kwa mjomba, kwa kila aliyewahi kumpa maji, haruki hata mmoja. Nilikaa kwenye kiti cha mlinzi, masanduku magotini, na kile kifua changu cha siku zile zote kikanywea.

Alipotoka alikuwa anapenga kamasi. Akasema twende, tutachelewa.

Sikumwuliza mpaka treni ilipoacha nyumba za mwisho za mjini. "Ulikuwa unafanya nini mle ndani?"

"Nilikuwa naaga."

"Mimi ulipoondoka mara ya kwanza, uliniaga dirishani. Basi limeshawashwa. Ulinipungia mkono mmoja, wa pili umeshika ndizi."

"Wewe nilijua nitakurudia," alisema.

Lilikuwa jibu zuri. Nililigeuza kila upande nikitafuta kasoro, na sikuipata, na hata hivyo halikutulia. Tulikuwa tumekaa tunatazamana, mimi natazama tunakokwenda, yeye anatazama tulikotoka. Alikuwa ameegemeza kichwa kwenye ukuta wa behewa, macho yako nje, kule nyuma, ambako hakukuwa na kitu tena isipokuwa reli na majani.

Nikamwambia tubadilishane viti, akae upande wangu aone mbele.

Akasema hapana, upande ule una upepo.